Mpira Uliosainiwa Chumbani Kwangu

Nakumbuka Ijumaa moja mjini Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilipotiwa mpira mweupe mkononi mbele ya watu kumi na kitu, nikaambiwa, "Tazama saini hii, Mwali. Saini ya mtu mkubwa hii." Nikatazama. Mwanangu, niliyemwona pale hakuwa mtu mkubwa. Nilijiona mimi, nimekaa kitandani, miguu nimeikunja, bakuli la uji wa mchele ubavuni, naandika jina lile kwa raha zangu.

Nisamehe nikisimulia kwa hasira. Wengine wakizeeka hupoa, mimi nazidi kuchemka kama birika lililosahauliwa. Juzi tu alinijia nyumbani bwana mmoja mwenye duka la nguo za michezo, mtu mzima, ana ndevu zake na mke wake, kabeba jezi sita za mpira wa miguu na kalamu. Amesikia mzee huyu ana mwandiko. Anataka niandike jina la mchezaji fulani wa Ulaya kwenye kila jezi, "kidogo tu, hapa begani." Nikamwuliza kama mchezaji mwenyewe ana habari. Akacheka. Akasema, "Mzee, si ni wino tu?" Nikamtoa nje yeye na jezi zake, soda yake akaimalizia barazani. Kisha nikakaa kuandika haya, maana maneno yale, ni wino tu, niliwahi kuyasema mimi kwa mdomo huu huu, na jibu nililopewa bado linaniwasha masikio.

Kwanza ujue nilikuwa nani kule. Watanzania tulikuwa wachache wakati ule, hata pilau la sufuria moja lilitutosha. Wafanyabiashara walikuja, wakanunua, wakaondoka, na wanafunzi wa serikali walikaa vyuoni mwao. Mimi nilifika na mjomba wangu kununua vyombo vya plastiki. Mjomba akarudi Tanga, mimi nikabaki kusimamia mizigo ya watu. Neno kusimamia nimelipamba. Wenzangu walikuwa wakipanda basi alfajiri kwenda Shiling, mji wa viwanda nje ya Guangzhou, kutafuta mikoba ya ngozi, wakirudi miguu imevimba wananikuta mimi nimefua, nimepika wali, nimepanga viatu mlangoni, nimejilaza. Safari niliyoipenda ilikuwa ya kutoka kitandani hadi jikoni, na hiyo nayo nilipumzika njiani. Ndiyo maana wakanibandika jina la Mwali, kama msichana aliyewekwa ndani asubiri kuchezwa. "Mwali hajatoka?" "Mwali atatoka lini tumpake hina?" Nilizoea. Hata jina langu la Bakari nilianza kulisahau.

Kilichonilisha ni mwandiko. Kidato cha nne nilitoka na alama ambazo sizitaji, kwa heshima ya walimu walionifundisha, lakini mwandiko wangu hakuna aliyeukosoa. Na kule ulitakiwa. Watu watano sita walikuwa wakichangia kontena moja, kila mmoja na marobota yake, na kila robota lazima liandikwe marka: jina fupi la mwenye mzigo, namba, na mji unakokwenda. Bila marka, robota lako likifika Dar es Salaam au Unguja ni mali ya aliyewahi.

Katika kazi hiyo nilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, chini ya kila marka nilipiga mstari mfupi, na mwisho wake wa kulia nikaukunja juu kama ndoana. Mstari ule haukuwa urembo. Robota hutupwa, likalala kichwa chini, tisa ikasomeka sita, mtu akaenda na mzigo wa mwenzake. Ukiuona mstari unajua chini ni wapi. Ya pili, sikuandika jina la mtu mpaka mwenyewe asimame mbele yangu alitamke. Hata awe rafiki, hata anitumie ndugu yake. Njoo mwenyewe, sema jina lako, nitaandika. Watu walinung'unika, lakini waliniamini kwa hilo. Kumbuka desturi hiyo ya pili, kwa maana ndiyo niliyoivunja.

Sasa, kulikuwa na mwanafunzi wa Bukoba akiitwa Gaudensi, anasomea uhandisi, mrefu kama mlingoti, na mdomo wake haukuwa na likizo. Huyu ndiye aliyenitoa ndani. Jumapili moja akitoka misa alinigongea.

"Mwali, vaa viatu."

"Nina mafua."

"Mafua ya miezi saba? Vaa viatu, twende ukaone besiboli."

Nilikwenda ili anyamaze. Kwenye uwanja wa chuo chao walikuwa wanacheza Wajapani, Wakorea, na walimu wawili wa Kimarekani. Mmoja anarusha kijipira kigumu cha ngozi nyeupe chenye mshono mwekundu, mwingine anakingoja na gongo, akikipata anakipiga na wote wanakimbia kama wamevunja kioo cha jirani. Sikuelewa kitu. Nililopenda ni kwamba wachezaji wengi walikuwa wamekaa.

Mwalimu wao alikuwa Bwana Hayashi, Mjapani mfupi wa makamo yaliyopitiliza, mhandisi wa kiwanda aliyekaribia kustaafu. Gaudensi alimpenda kama baba, na kwake ndiko alikojifunza maradhi ya kukusanya mipira yenye saini. Mwanangu, ungemwona mzee yule akitia saini! Ukimpa mpira, kwanza anakwenda kunawa mikono. Anaufuta mpira kwa kitambaa. Anakuuliza jina lako, na mlikutana siku gani, na alikuwa anacheza nani. Ndipo anaandika taratibu, pale mishono miwili inaposogeleana, anapuliza wino ukauke, anakukabidhi kwa mikono miwili. Gaudensi alinieleza, "Hapo hujapewa jina, Mwali. Umepewa siku ile. Huu mpira unasema huyu mtu alikuwepo, na mimi nilikuwepo."

Nikaambukizwa. Ukusanyaji wa mipira ni kazi inayofaa sana mtu wa ndani: ukishaupata, unaulaza kwenye rafu, unalala karibu nao. Nikapata minne, nikaipanga juu ya kitanda, kila mmoja kwenye kibakuli cha chai usibingirike. Nilijiona mtu na mali yake.

Bwana Hayashi alikuwa na simulizi moja aliyoirudia. Ujanani mwake alisafiri mpaka Marekani kikazi, akapanga foleni saa nyingi apate saini ya mrushaji mmoja mashuhuri aliyemhusudu tangu utoto. Zimebaki nafasi tatu, mvua ikanyesha, mlango ukafungwa. Basi. Hakumpata tena. Jina la mrushaji yule silitaji, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu nimekwisha kuliandika mara nyingi kuliko yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Siku moja nilikuwa Yide Lu, ile barabara ya maduka ya jumla ya vichezeo na madaftari, naandika marka kwenye marobota ya Mzee Mbarouk, mfanyabiashara wa Unguja, yeye mwenyewe amesimama mbele yangu kama ilivyo ada. Mzee alipoondoka kwenda kuswali, mwenye duka, tuliyemwita Laoban Liang, yaani Bosi Liang, akaja kuniinamia begani. Alinitazama nikimaliza robota la mwisho. Akaingia ndani, akatoka na picha ya mpira wenye saini.

"Unaweza kuandika hivi?"

Nikajaribu kwenye kipande cha boksi. Mkono ukafuata kama umetumwa.

"Hao! Safi!" akapiga makofi. "Nina mipira. Katoni mbili. Unaandika yote."

"Ya nini?"

"Mapambo. Wanunuzi wa Hong Kong wanapenda."

"Sina nafasi, Laoban."

"Nakuletea nyumbani," akasema. "Hutoki hata mlangoni."

Angeniahidi dhahabu ningefikiri. Aliponiahidi kutotoka mlangoni, nilikwisha. Na ujira wangu ulikuwa nini? Jiko la umeme la kupikia wali, jipya, lina taa nyekundu. Cheka, mwanangu, nimekuruhusu. Nimeuza jina la mtu aliye ng'ambo ya bahari kwa jiko la wali.

Niliandika siku nne. Nitakudanganya nikisema nilitaabika, maana nilifurahi! Nilikaa kitandani, uji pembeni, naandika, napuliza wino kama Bwana Hayashi, naupanga mpira dirishani ukauke. Nikajiambia ni mapambo, kama maua yanayochapwa kwenye sahani. Hakuna mtu, nikajiambia, anayekula maua ya sahani akidhani mchicha.

Lakini siku ya tatu Gaudensi aligonga, na kabla sijafungua, nilikuwa nimekwisha vuta shuka nikaifunika mipira yote. Wakati kwenye rafu mipira yangu minne ya halali iko wazi. Akakaa kwenye kiti changu kimoja, akatazama kile kilima kitandani.

"Umeficha nini humo, Mwali? Umeoa?"

"Nguo chafu."

"Wewe? Nguo chafu?" Akacheka, akaendelea na habari zake. Na habari yenyewe ilikuwa hii: Bwana Hayashi amestaafu, anarudi kwao, Jumapili ya wiki ijayo wanamuaga, na yeye Gaudensi anatafuta zawadi ya kumfaa. Alisema hayo amekaa hatua mbili kutoka kwenye lile shuka. Nikamchemshia chai.

Wiki ikapita, katoni zikachukuliwa, jiko likafika. Ijumaa baada ya swala tukakusanyika kwa Mzee Mbarouk, ambaye kila akiwepo mjini alipika pilau kwa ajili yetu sote, Waislamu na Wakristo. Tumekaa chini tumezunguka sinia, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Gaudensi. Anatoka jasho, ananing'iniza kimfuko cha plastiki kama amebeba mayai.

"Simameni wote! Hapana, kaeni, msimwage mchuzi. Nimeupata!"

Akautoa mpira. Akaeleza kwa wasiojua: mwalimu wake, ile foleni, ile mvua, mlango uliofungwa zimebaki nafasi tatu. Amezunguka mji mzima, mwisho Yide Lu, kwa Laoban Liang, ameukuta. Mmoja tu, Laoban alimwapia, na umetoka Marekani wenyewe.

"Alikupa bure?" mtu akauliza.

"Bure? Nimempa redio yangu."

Redio ya Gaudensi tuliijua wote, kubwa, ya kaseti. Usiku wa mvua ilikamata idhaa ya nyumbani, tukajazana kwenye bweni lake kusikiliza matangazo ya vifo na matokeo ya mpira. Alitumiwa na kaka yake aliyemlea.

"Keshokutwa nampa mbele ya timu nzima," Gaudensi akasema. "Yule mzee atalia. Nawaambieni atalia. Shika, Mwali, wewe ndiye mtaalamu mwenzangu. Tazama saini hii."

Ndipo nikatiwa mpira mkononi. Jina limekaa pale mishono inaposogeleana, safi kabisa. Na chini yake, kamstari kafupi, mwisho wa kulia kamekunjwa juu. Ndoana yangu. Kwenye picha ya Laoban haikuwepo. Mkono uliifanya wenyewe, kwa mazoea, mpira baada ya mpira, katoni mbili, na mimi mwenye mkono sikuona.

Nikasema, "Mzuri." Neno hilo moja tu. Nikampa aliyekuwa kulia kwangu ili Gaudensi asitazame uso wangu, mpira ukazunguka sinia, ukafika kwa Mzee Mbarouk. Mzee akavaa miwani. Akautazama. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akauteremsha. Kisha akanitazama mimi. Akamrudishia Gaudensi, akasema kwa upole, "Una moyo mzuri, mwanangu. Kula." Halafu akasimama. "Bakari, njoo unisaidie birika jikoni."

Jikoni alifunga mlango. Birika halikuwa hata limetiwa maji.

"Lile robota la duara," akasema, "ni la nani?"

"Sijakuelewa, Mzee."

"Umenielewa. Miaka mitatu naitazama ndoana yako. Nimeitazama kuliko uso wa mke wangu. Nauliza, mwenye jina lile alisimama mbele yako akalitamka?"

Nikatazama sakafu. Na hapo, mwanangu, badala ya kunyamaza, nikajitetea. Nikasema niliambiwa ni mapambo, na ujira wenyewe ni jiko la wali tu. Nikasema mwenye kosa ni Laoban. Nikasema mzee wa watu Mjapani hatajua, atafurahi, atakwenda zake kwao na furaha yake, kuna ubaya gani? Na nikamalizia na lile la kumalizia: "Mzee, ni wino tu."

Sijawahi kumwona Mzee Mbarouk amepandisha sauti, si kabla wala baada. Siku ile sufuria zilitikisika.

"Wino tu! Haya, nisikilize weye. Mimi nina mke Unguja, Bi Salma. Kumpata kwa simu kutoka huku ni bahati, miezi inapita hatujasikiana. Kontena likifika, wa kwanza kwenda bandarini si wakala wangu, ni yeye. Hafungui kitu. Anatafuta robota lenye jina langu, anauona mstari wako, anarudi nyumbani anawaambia watoto, baba yenu mzima, alikuwa amesimama pale jina lake likiandikwa. Kwa sababu mimi nilimwambia, Bakari haandiki jina la asiyekuwepo. Mke wangu analala usingizi kwa mstari wako! Sasa nimwambie nini? Kwamba ukipewa jiko la wali unaandika hata la aliyekwisha kufa?"

"Mzee..."

"Usiniite. Yule kijana ametoa kitu alichopewa na nduguye ampe mwalimu wake, na keshokutwa atasimama mbele za watu na uongo wako mkononi, ausemee yeye, kwa kinywa chake kisafi. Wamtazamao watamwona nani? Watakuona weye? Weye utakuwa umelala! Utamwambia leo. Na utamwambia weye, si mimi."

Nilimwambia barabarani, nikimsindikiza kwenye kituo cha basi. Kwanza alicheka. Akadhani ni utani wa Mwali. Kisha akasimama, akafungua begi, akatoa daftari na kalamu.

"Andika."

Nikaandika, nimeegemeza daftari ukutani, watu wanapita na baiskeli. Jina likatoka vile vile, na ndoana ikatoka, hata siku ile nilipotaka kuizuia. Gaudensi akaweka mpira karibu na karatasi. Akatazama huku, akatazama huku.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kuna nini kwenye shuka. Ukasema nguo chafu."

"Gaudensi, nisamehe."

"Nimekaa kwenye kiti chako nakwambia habari za zawadi ya mzee wangu, na zawadi imelala kitandani kwako, na unanipikia chai! Ulinitilia na sukari!"

Sijui kwa nini sukari ndiyo iliyomuuma zaidi. Nikamwambia alichukue lile jiko nililolipwa, aliuze. Akasema hawezi kula wali wa jina la mtu.

Kesho yake, Jumamosi, nilitoka mlangoni bila kusukumwa, labda kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile. Nikaenda naye mpaka kwa Laoban Liang kudai redio. Laoban akatukaribisha kwa tabasamu na viti.

"Redio? Meiyou. Hakuna. Imeuzwa."

"Ulimwambia rafiki yangu mpira umetoka Marekani," nikasema. "Wewe ni mwongo."

"Mimi nimeandika?" Akautazama mkono wangu. "Tuite watu tuwaulize nani ameandika?" Akacheka, akanipiga bega kama mshirika wake wa siku nyingi. "Pengyou, rafiki, usiwe na hasira. Nina katoni nyingine tatu. Nakuletea nyumbani."

Nilitaka kumrukia. Hasira ile ninayo mpaka leo, ukinigusa utaisikia ikivuma. Lakini kilichoniumiza si kwamba alinicheka, ni kwamba alinifanya mshirika wake, na kweli nilikuwa. Gaudensi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aligeuka akaondoka kabla yangu.

Jumapili nilikwenda uwanjani. Gaudensi alikuwa amesema neno moja tu, "Utakuja, utamwambia mwenyewe," na nilikwenda. Timu nzima imejipanga, wamevaa vizuri. Nikasimama mbele ya Bwana Hayashi, nikaeleza kwa Kichina changu cha sokoni, na pale nilipokwama Gaudensi alinijazia, bila kunitazama. Nikamkabidhi ule mpira kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akitukabidhi yeye.

Mzee yule aliusoma muda mrefu. Nilimwona midomo yake ikilitamka jina. Ndipo nilipojua, mwanangu, ubaya wa lile neno langu la jikoni, kwamba hatajua, atafurahi. Kitu alichokingoja miaka yote hiyo kilikuwa mkononi mwake, na kilikuwa takataka, na mimi ndiye niliyemletea. Hakunitukana. Aliuweka chini kwenye majani. Akafungua mfuko wake, akatoa mpira mpya, na kalamu, akawaomba wote waliokuwepo wamtilie saini aende nao kwao.

Ukaanza kuzunguka. Gaudensi akaandika. Wakorea wakaandika. Walimu wa Kimarekani wakaandika. Hata bwana aliyekuwa akitunza majani ya uwanja akaitwa, akaandika jina lake kwa Kichina. Mpira ukamfikia aliyesimama kushoto kwangu, akamaliza, akanyoosha mkono anipe. Bwana Hayashi akaupokea yeye, akaupitisha mbele ya kifua changu, akampa aliyekuwa kulia. Kisha akaniinamia kidogo, kwa adabu zao zile, adabu kamili, akaendelea.

Naapa ningependa anizabe kofi.

Kontena lililofuata, marobota ya Mzee Mbarouk yaliandikwa na Juma wa Kariakoo, ambaye mwandiko wake ungedhani kuku kapita kwenye masizi. Mzee aliona, na aliyapakia hivyo hivyo. Ilipita nusu mwaka ndipo siku moja akaja kusimama mbele yangu, akatamka jina lake, akasubiri. Niliandika, nikapiga mstari na ndoana yake. Gaudensi naye alinisamehe, hilo nina hakika, maana harusini kwake nilikaa meza ya ndugu. Lakini hakunionyesha tena mpira wake hata mmoja, na mimi sikumwomba.

Na zile katoni mbili? Hizo ndizo zinazonifanya nichemke. Sikuzirudisha, hakuna wa kuzirudisha. Ziko duniani. Mahali fulani sasa hivi kuna mzee ameuweka mmoja kwenye kabati la kioo, anawaita wajukuu zake awaonyeshe, naweni mikono kwanza, anawaambia, huyu mtu mkubwa aliushika mpira huu. Anawaambia kwa nia njema. Na aliyeushika ni Bakari wa Tanga, na shuka lake. Siwezi kumpigia hodi kila mmoja nimwambie. Uongo wa mdomo unaweza kuufuata ukaukanusha. Wa kalamu unapanda meli unakwenda, na unamkuta mtu usiyemjua, unamfanya yeye ndiye msemaji wake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinijia na jezi, au mpira, au karatasi ya mkopo ya shangazi yako aliye safarini, ukaniambia ni wino tu, jua nitakufukuza na soda yako. Na wewe mwenyewe ukiombwa, usiulize utapewa nini, wala usiulize nani atajua. Uliza swali lile nililokuwa nikiwauliza watu wa marobota, nikasahau kujiuliza: mwenye jina yuko wapi? Kama hayupo, kalamu iweke chini. Ukijikuta unavuta shuka kwa sababu rafiki anabisha hodi, hapo hapo acha, mfungulie, mwonyeshe, aibu yake utaimaliza siku ile ile. Na ukishakosea, usitafute wa kumtupia. Laoban Liang alikuwa na kosa lake, atajibu yeye. Mkono ulikuwa wangu.

Ukikusanya saini za watu, kusanya za watu uliokutana nao, hata wawe watunza majani. Na jina lako litunze hivyo hivyo, ili popote litakapoonekana watu wa nyumbani kwako waweze kulala usingizi.

Mungu akupe mkono mwepesi kwa kazi na mzito kwa hila. Akukutanishe na watu watakaofurahi kuandika majina yao kando ya lako, na kila mpira unaozunguka ukufikie, usimame mkononi mwako, uachwe uandike. Amina.